Nani Anayetuchagulia Habari?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Yamechapishwa ili yasomwe darasani, au nyumbani kwa wale ambao hawakupata kusikiliza.

Kama upo darasani, mwombe mwenzako mmoja asome kwa sauti, na wengine mfuate kwa macho. Kama upo nyumbani, soma pole pole. Ukifika mahali pagumu, rudi nyuma usome tena, kwani hakuna anayekufukuza.

Leo tutazungumza juu ya habari: habari za gazeti, za redio na za televisheni. Tutatazama zamani na sasa, na katika somo zima tutakuwa na swali moja tu. Swali lenyewe ni hili: katika mambo mengi yanayotokea kila siku, ni nani anayechagua lipi tuambiwe na lipi tusiambiwe?

Nitaanza na kisa kilichonifanya nitayarishe somo hili.

KISA CHA MAKORORA

Jioni moja nilikwenda Makorora, mjini Tanga, kutembelea darasa la watu wazima. Masomo yalikuwa yamekwisha, na wanafunzi walikuwa wameketi barazani wakinywa kahawa na kashata. Televisheni ilikuwa imewashwa. Ilipofika saa mbili ya usiku, taarifa ya habari ikaanza.

Mtangazaji akasema kwamba mwisho wa taarifa kutakuwa na habari moja itakayoelezwa kwa kirefu, na kwamba watazamaji wenyewe ndio watakaoichagua kwa kutuma ujumbe wa simu. Habari ya kwanza ilikuwa harusi ya mwimbaji mashuhuri. Habari ya pili ilikuwa mabadiliko ya ushuru wa masoko. Simu zikatolewa mifukoni. Baada ya dakika chache harusi ikashinda, tena kwa mbali sana. Tukaonyeshwa keki, magari na nguo za bibi harusi. Ushuru wa masoko ukatajwa kwa sentensi moja, ukapita.

Katika darasa lile yupo mama mmoja muuza samaki. Naye alituma ujumbe wake, akachagua harusi. Wiki ile ile alipeleka samaki katika soko moja la mjini. Pale akaambiwa kwamba sasa ushuru hulipwa kabla ya kuingiza mali, tena lazima uonyeshe stakabadhi. Yeye hakuwa na habari. Wakabishana, jua likapanda, na beseni lake la samaki likaharibika. Aliporudi darasani aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Alisema: "Mwalimu, ile habari niliikataa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Basi nimlaumu nani?"

Ndugu msomaji, liweke swali hilo moyoni. Tutalirudia mwisho wa somo. Lakini ili tulijibu kwa haki, yatupasa kwanza tujue tumefikaje hapa.

SEHEMU YA KWANZA: WAKATI WA GAZETI

Watu wa Tanga mna sababu ya kujivunia jambo moja. Magazeti ya Kiswahili ni ya zamani sana katika pande zenu. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walichapa gazeti dogo huko Magila, karibu na Muheza, nalo liliitwa Habari za Mwezi. Baadaye kidogo, wakati wa utawala wa Wadachi, shule ya serikali ya Tanga ilichapa gazeti lililoitwa Kiongozi. Lilianza mwanzoni mwa karne ya 20 na liliendelea mpaka vita kuu ya kwanza ya dunia.

Wasomaji wa Kiongozi walikuwa hasa walimu, makarani na watumishi wengine waliojua kusoma. Na wao ndio waliolipelekea habari kutoka katika miji yao. Kwa hiyo usidhani kwamba msomaji kuchangia gazeti ni jambo lililoletwa na simu ya mkononi. Jambo hilo lilikuwapo hapa hapa Tanga zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Lakini kalamu ya mwisho haikuwa mkononi mwa msomaji. Gazeti lilikuwa la serikali, na serikali ilikuwa ya kikoloni. Kati ya mwaka 1905 na 1907 watu wa kusini walipigana na Wadachi katika vita ya Maji Maji. Gazeti la mtawala halingeweza kuieleza vita ile kwa mdomo wa waliopigwa. Aliyekuwa na mtambo wa kuchapa ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Waingereza walipochukua nchi, mambo hayakubadilika sana. Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu huko Dar es Salaam ilianza kuchapa gazeti la kila mwezi, Mambo Leo. Wazee wetu wengi walilipenda. Lilikuwa na mafundisho ya kilimo na afya, hadithi, mashairi, na habari za miji zilizoletwa na wasomaji. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, ni mmoja wa waandishi waliotoa mashairi yao humo. Hata hivyo Mambo Leo nalo lilikuwa gazeti la serikali. Mhariri, yaani mtu anayechagua na kusahihisha habari, alikuwa mtumishi wa serikali.

Mwaka 1937 Mwafrika mmoja mwenye duka Dar es Salaam, Erica Fiah, alianzisha gazeti lake mwenyewe, akaliita Kwetu. Humo Waafrika waliweza kusema mambo ambayo Mambo Leo lisingeyasema. Lakini Kwetu lilisumbuliwa na ukosefu wa fedha. Hapa tunapata fundisho letu la kwanza. Gazeti lisilo la serikali lahitaji mtu mwingine wa kulilipia karatasi na wino. Mtu huyo ni nani, na yeye anataka nini? Tutamkuta tena mbele.

SEHEMU YA PILI: WAKATI WA REDIO

Mwaka 1951 redio ya kwanza ya Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam, ilianza kusikika. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Baada ya Uhuru, mwezi wa Julai 1965, serikali ililichukua shirika hilo, likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nchi nzima ilisikiliza taarifa moja ya habari, kwa sauti moja, saa ile ile.

Je, msikilizaji wa siku zile alichagua nini? Alichagua nyimbo. Mtu wa Tanga aliweza kununua kadi, akaandika majina ya jamaa zake, akaomba wimbo wa Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, au taarabu ya Black Star au Lucky Star, bendi na vikundi vya mji wake mwenyewe. Kisha alikaa na kusubiri siku atakayosikia jina lake. Hilo lilikuwa jambo la furaha kubwa, na halikumdhuru mtu. Lakini hakuna aliyetumiwa kadi ya kuchagua taarifa ya habari. Nyimbo zilikuwa za msikilizaji, na habari zilikuwa za serikali.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi wamelisahau. Watu husema kwamba wananchi hawapendi mambo mazito, na kwamba wakipewa mafundisho husinzia. Historia yetu wenyewe yakataa. Mwaka 1973 Radio Tanzania na wakuu wa elimu ya watu wazima waliendesha masomo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Katika vijiji vingi watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio moja. Walisikiliza, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya kazi. Masomo yalikuwa juu ya malaria, kuhara damu, kichocho, safura na kifua kikuu. Si mambo ya kuchekesha hata kidogo. Lakini watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi hivyo, na vyoo vilichimbwa kwa maelfu na maelfu.

Kwa nini walikubali? Kwa sababu jambo liliwahusu, liliambiwa kwa lugha yao, na walipewa nafasi ya kusema na kutenda. Zingatia sana sababu hizo tatu, maana tutazihitaji.

Lakini tusisifu zamani kupita kiasi. Redio ile ilisema yale ambayo serikali ilitaka yasemwe. Mtu aliyekuwa na malalamiko juu ya wakubwa hakuyasikia katika taarifa ya saa mbili. Mambo mazito yalikuwapo, lakini si yote.

SEHEMU YA TATU: TELEVISHENI YAINGIA

Zanzibar ilipata televisheni mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi kubwa za Afrika zilikuwa bado zinatazama picha nyeusi na nyeupe. Huku bara tulikaa bila televisheni yetu miaka 20 zaidi. Serikali iliona kwamba nchi maskini ina mambo ya haraka kuliko hayo.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya utangazaji iliyoruhusu watu binafsi kuwa na redio na televisheni. Mara, mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vikaanza, kama vile CTN, DTV na ITV. Televisheni ya Taifa ikafuata baadaye, na mwaka 2007 redio na televisheni za umma zikawa shirika moja liitwalo TBC. Tangu mwisho wa mwaka 2012 mitambo ya zamani ilianza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam, na mapema mwaka 2013 Tanga. Ikatubidi tununue ving'amuzi. King'amuzi kimoja kilileta vituo vingi, na kidole cha mtazamaji kikawa na kazi ya kubonyeza.

Sasa hapa, ndugu msomaji, fikiri kidogo. Ukitazama kituo kisichotoza ada, hulipi kitu kwa kituo hicho. Umeme utaulipia, king'amuzi utakinunua, lakini habari yenyewe hununui. Basi kituo kile chapata wapi fedha za kulipa watangazaji, magari na kamera?

Zatoka kwa wenye sabuni, wenye soda, wenye benki na wenye kampuni za simu. Hao hulipa ili matangazo yao ya biashara yaonyeshwe kabla ya habari, katikati yake na baada yake. Na hawalipi bure. Huuliza: "Je, watu wangapi wanatazama kituo chenu?" Kituo chenye watazamaji wengi hulipwa zaidi, na chenye wachache hulipwa kidogo.

Waweza kufananisha na soko. Pale sokoni muuza samaki huuza samaki, na mnunuzi hulipa. Lakini katika televisheni ya namna hii mnunuzi ni mwenye sabuni. Na wewe je? Wewe ndiye uliyepangwa katika tenga. Kinachouzwa ni macho yako.

SEHEMU YA NNE: KUHESABU MACHO

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Kule Marekani kampuni ya Nielsen ilianza kuhesabu watazamaji wa televisheni mwaka 1950. Iliweka mitambo na madaftari katika nyumba chache zilizochaguliwa, ikakadiria kutokana na hizo nchi nzima inatazama nini. Katika Oktoba 1958 mtangazaji mashuhuri Edward R. Murrow alisimama mbele ya wakuu wa habari wa redio na televisheni, katika mji wa Chicago, akawaonya. Aliwaambia kwamba chombo hiki chaweza kufundisha watu, lakini wakikifanya cha kupumbaza na kupatia fedha tu, kitakuwa sanduku lenye nyaya na taa, basi.

Wengi walimsifu, lakini wachache walimfuata. Katika miaka ya 1960 na 1970 vituo vya miji ya Marekani viliajiri washauri waliokwenda kuuliza watazamaji wanapenda nini. Mmoja wa washauri hao, Frank Magid, akawa maarufu sana. Vituo vingi vikafupisha habari. Watangazaji wakaanza kutaniana na kucheka mbele ya kamera. Moto, ajali na mauaji vikawekwa mbele, na mikutano ya halmashauri ikasukumwa nyuma. Hesabu ya watazamaji ikapanda, fedha zikapanda, na vituo vingine vikaiga.

Afrika ya Mashariki nayo imepita njia hiyo kwa namna yake. Makampuni ya utafiti yalihesabu watazamaji kwa kwenda nyumba kwa nyumba na kuwauliza. Katika miaka ya 2010 kampuni ya GeoPoll ilianza kuuliza watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine kwa ujumbe wa simu. Kabla ya hapo mkuu wa kituo alingoja miezi kujua hesabu yake. Sasa aliweza kuijua kwa siku chache. Na mtu anayejua hesabu kila siku huingia katika kishawishi cha kuifuata kila siku.

Mfano mzuri ni wa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2009 kituo cha Bukedde kilianza kutangaza kwa Kiganda. Taarifa yake ya usiku, iitwayo Agataliiko Nfuufu, ilipata watazamaji wengi sana. Habari zake nyingi zilikuwa za ugomvi wa nyumbani, wizi, ajali, wachawi na mapenzi, nazo zilisimuliwa kwa utani na kwa lugha ya mtaani. Wasomi wengi waliicheka. Lakini tuiangalie kwa haki. Taarifa ile ilimpa mtu wa kawaida nafasi ya kusema kwa lugha yake, naye katika taarifa za wakubwa alikuwa haonekani kabisa. Wema wake ulikuwa huo. Ubaya wa namna ile ya habari ni kwamba ugomvi wa mume na mke wachukua dakika nyingi, na sababu za umaskini uliowagombanisha hazichukui hata moja.

SEHEMU YA TANO: SAMAKI MMOJA, HABARI MBILI

Huenda ukauliza: "Habari nyepesi ni ipi, na nzito ni ipi? Je, kila kinachofurahisha ni kibaya?" La, sivyo. Nitakupa mfano wa Tanga, uone kwamba tukio moja laweza kuwa habari mbili.

Yuko samaki aitwaye silikanti. Wataalamu waliamini kwamba alikwisha toweka duniani tangu miaka milioni nyingi iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja huko Afrika Kusini. Basi, katika miaka ya mwanzo ya 2000, wavuvi wa mwambao wa Tanga walianza kuwapata samaki hawa katika nyavu zao. Hakuwa mmoja wala wawili. Katika miaka michache walipatikana zaidi ya 30.

Habari ya kwanza ni hii: "Samaki wa ajabu wa kale aonekana Tanga!" Habari hiyo ni tamu. Ukimwona samaki mwenyewe, mnene, mwenye mapezi kama miguu, huwezi kugeuza macho. Mimi nami nataka kumwona. Hapana kosa hapo.

Lakini iko habari ya pili ndani ya tumbo la ile ya kwanza. Samaki huyu hukaa kilindini. Kwa nini sasa anaingia katika nyavu? Anaingia kwa sababu wavuvi walikuwa wakitega majarife, yaani nyavu kubwa za papa, chini sana kuliko zamani. Na kwa nini watege chini hivyo? Kwa sababu samaki wa karibu walikuwa wamepungua. Na kwa nini wamepungua? Moja ya sababu ni baruti iliyovunja matumbawe kwa miaka mingi, nyumba za samaki zikawa vifusi. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hapo maswali mengine yakaja: mvuvi avue wapi? Azuiwe nini, aruhusiwe nini? Nani alimwuliza?

Waona, ndugu yangu? Habari ya kwanza inakufanya useme "Lo!" Ya pili inakufanya useme "Kumbe!" Ya kwanza hupendwa na kila mtu, hata aliye London. Ya pili ni ya lazima kwa mtu wa Sahare, wa Kigombe na wa Makorora, maana inahusu kitoweo chake. Kituo kinachofuata hesabu ya macho kitaishia kwenye ile ya kwanza. Mwandishi mwema huanza na ile ya kwanza ili akupeleke kwenye ya pili.

Kwa hiyo habari nyepesi si dhambi. Dhambi ni kuufanya mlango kuwa nyumba nzima.

SEHEMU YA SITA: HATARI YA UPANDE WA PILI

Baada ya kusikia haya, wengine husema: "Basi serikali iwachagulie watu habari, iwape mambo ya maana tu." Ndugu msomaji, tulikwisha pita njia hiyo tangu siku za Kiongozi, na tuliona mwisho wake.

Mfano wa karibu ni huu. Kwa miaka kadhaa wananchi waliweza kutazama mikutano ya Bunge moja kwa moja katika televisheni ya umma. Wengi waliipenda. Katika vijiwe vya kahawa watu walikaa kimya wakisikiliza mawaziri wakiulizwa maswali. Hayo yalikuwa mambo mazito, ya bajeti na sheria, na yalikuwa na watazamaji. Katika Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitaonyesha tena Bunge moja kwa moja kama zamani, kwa sababu ya gharama, na kwamba kutakuwa na kipindi cha usiku kitakachoonyesha mambo yaliyochaguliwa. Wabunge wa upinzani walipinga sana.

Hapo hapakuwa na kura ya simu. Mtazamaji alikuwa amekwisha chagua kwa macho yake, lakini uchaguzi wake haukufuatwa. Jambo hili latufundisha kwamba maneno "watu hawapendi mambo mazito" si kweli siku zote. Wakati mwingine watu wanayapenda, na wakubwa ndio wasiopenda watu wayaone.

Basi tunao mabwana wawili. Mmoja ni mwenye serikali, mwingine ni mwenye sabuni. Wa kwanza husema: "Nakuchagulia kwa faida yako." Wa pili husema: "Umechagua mwenyewe." Kila mmoja ana lake analolitaka. Na wewe usipojua unalolitaka, watakugawana.

JIBU LA SWALI LA MAMA

Sasa turudi kwa mama yetu wa Makorora. Aliuliza, "Nimlaumu nani?"

Mara ya pili nilipokwenda darasani kwao nilimjibu hivi. Mama, wewe ulipewa sinia lenye vyakula viwili, ukaambiwa chagua kimoja. Ukachagua kilichopendeza. Kila mtu angefanya hivyo baada ya kazi ya kutwa nzima. Lakini sinia lilipangwa jikoni, na wewe hukuwamo jikoni. Nani alisema kwamba lazima harusi ishindane na ushuru? Taarifa nzima ilikuwa na nafasi ya vyote viwili. Nani alisema kwamba ushuru uitwe "mabadiliko ya ushuru wa masoko", maneno makavu kama makuti? Wangesema, "Wauza samaki, kuanzia wiki hii mtazuiwa mlangoni," wewe ungechagua nini?

Yule mama alicheka, akasema: "Ningeacha keki ipoe."

Ndipo wanafunzi wote wakaelewa. Kuhesabiwa si kuchagua. Anayekuhesabu anajua jana ulitazama nini. Hajui leo unahitaji nini, wala hakukuuliza. Kuchagua kweli ni kukaa, kufikiri, kujua ni mambo gani yapo, na kusema: "Hili nalitaka, na hili ninyi mmelisahau." Mtu aliyechoka, ambaye amepewa dakika 2 na vitufe viwili, hajachagua.

Hata hivyo, ndugu zangu, sisi nasi tuna sehemu yetu. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Habari ya maana haijitembezi. Yatupasa tuinuke tuifuate. Mtu aliyekuwa hajui kusoma alikuwa na udhuru. Alingoja aambiwe. Lakini wewe unayeisoma karatasi hii udhuru huo huna tena.

YA KUFANYA

Nawaomba kila darasa lijaribu mambo haya manne.

Kwanza, kwa siku saba mtazame au msikilize taarifa moja ya habari. Andikeni kila habari na dakika zake. Mwisho wa wiki jumlisheni. Hilo litakuwa somo la hesabu vile vile.

Pili, kila mmoja aandike mambo matatu yaliyomgusa wiki ile: bei, maji, shule, hospitali, kazi. Kisha mtazame kama mambo hayo yalikuwamo katika taarifa.

Tatu, andikeni barua au ujumbe kwa kituo. Msitukane. Semeni kwa adabu: "Sisi ni wanafunzi wa darasa fulani. Wiki hii mlieleza jambo hili dakika kadhaa. Jambo letu lile hamkulitaja. Tunaomba mlieleze, tena kwa maneno tunayoyafahamu." Wasomaji wa Kiongozi waliliandikia gazeti lao zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa kalamu ya wino. Sisi tuna simu mfukoni, tutashindwaje?

Nne, msitegemee mlango mmoja. Mbao za matangazo za kata na soko zina maandishi. Someni. Zamani tulipita mbele yake kama wapitao mbele ya ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gazeti la Kiongozi lilichapwa wapi? Nani alikuwa na neno la mwisho ndani yake?
2. Kwa nini watu wengi walijiunga na masomo ya Mtu ni Afya mwaka 1973? Taja sababu tatu.
3. Kituo cha televisheni kisichotoza ada hupata fedha kwa nani? Jambo hilo laweza kubadili habari kwa namna gani?
4. Eleza habari mbili zilizomo katika kisa cha silikanti. Ipi ingekusaidia zaidi wewe? Kwa nini?
5. Kama wewe ungekuwa mhariri usiku ule, harusi na ushuru ungevipanga vipi?

MANENO YA SOMO

Mhariri: mtu anayechagua, kusahihisha na kupanga habari.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kwamba umelipa.
Kishawishi: kitu kinachokuvuta kufanya jambo.
Jarife: wavu mkubwa wa kuvulia papa na samaki wengine wakubwa.
Udhuru: sababu ya kusamehewa kwa jambo usilofanya.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu. Yule mama wa samaki bado anapenda harusi, nami sikumkataza. Lakini siku hizi, kabla ya kuchukua beseni lake, hupita kwanza kwenye ubao wa matangazo wa soko, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Siku moja aliniambia kwamba wenzake humngoja pale awasomee.

Kwa herini, ndugu wasomaji. Msome salama.